Shajara ya mradi: kuupa kila mtaa wa Chicago mwaka wake

Mkusanyo huu ni makopo 46 ya filamu zilizopigwa jijini Chicago kati ya miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1970. Nyingi ni za milimita 8, kazi ya familia za upande wa Kusini wa jiji. Zilizobaki ni za milimita 16, nyingine zikiwa na sauti, na kopo moja ni la milimita 35. Kazi yenyewe ina sehemu tatu: kuziokoa filamu zisiendelee kuharibika, kuziskani, na kuandika kwa kila shoti ni mtaa gani na mwaka gani.

Sehemu ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo sababu ya mradi kuwepo. Shoti ya mtaa usiojulikana ni pambo tu. Ikishajulikana kwamba ni Wentworth Avenue karibu na Mtaa wa 51, mwaka 1958, inageuka ushahidi wa maduka, nyumba na reli ambazo leo hazipo. Kwa hiyo kanuni yetu ni moja: maandishi ya kopo ni fununu, si tarehe. Mwaka hauingii kwenye orodha mpaka uungwe mkono na jambo lililomo kwenye filamu yenyewe au ndani ya picha, na jambo hilo liandikwe pembeni ili mwingine aweze kulihakiki au kulipinga.

Januari: kupokea na kunusa

Kabla ya kufungua chochote, kila kopo lilipigwa picha juu, chini na ubavuni. Vikaratasi vya ndani vina thamani, na vile viboksi vya manjano vya Kodak vilivyorudi kwa posta kutoka maabara vina thamani zaidi, kwa sababu muhuri wa posta unaweka ukomo: filamu ilipigwa kabla ya siku hiyo. Tatizo ni kwamba familia zilibadilisha viboksi ovyo, hivyo boksi la mwaka huu linaweza kubeba rili ya miaka kumi nyuma. Muhuri tunauandika, lakini hatuutegemei peke yake.

Kopo la milimita 35 halikufunguliwa. Milimita 16 ilipoanza mwaka 1923 na milimita 8 mwaka 1932, Kodak ilizitoa kwenye plastiki ya asetati, isiyolipuka. Milimita 35 ni habari nyingine: naitreti, plastiki ya zamani inayowaka kwa ukali, iliendelea kutengenezwa mpaka 1951. Naitreti ikishika moto hujipa oksijeni yenyewe, kwa hiyo maji wala blanketi haviuzimi. Rili yoyote ya milimita 35 ya kabla ya mwaka huo tunaichukulia kuwa naitreti mpaka ithibitike vingine, na haikai chumba kimoja na mashine wala watu. Yule anayekushauri ukate kipande ukichome uone kama kinawaka, usimsikilize.

Makopo mengine yalipimwa ugonjwa wa siki. Asetati ikianza kuoza hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha uozo uleule. Pua inatambua, ila inatambua kwa kuchelewa. Tunatumia vijikaratasi vya kupimia asidi vya A-D vilivyobuniwa na Image Permanence Institute ya Rochester. Weka kimoja ndani ya kila kopo, funga, acha saa 24 kwenye joto la kawaida la chumba, kisha linganisha rangi na penseli inayokuja navyo, yenye rangi za kulinganishia. Buluu ni 0, kijani ni uozo ulioanza, manjano ni 3. Namba ya kuikariri ni 1.5, kwani hapo uozo unaanza kujiendesha wenyewe na kasi inapanda ghafla.

Rili za milimita 8 karibu zote zilikaa chini ya 1, hata zile zilizotoka kwenye dari za nyumba zenye joto kali la kiangazi. Zilizotutia wasiwasi ni tatu za milimita 16 zenye mstari wa sumaku wa sauti pembeni, zilizosoma 2 na zaidi. Hilo lina sababu yake: mstari ule una oksidi ya chuma, na chuma huchochea uozo wa asetati. Ukiwa na mkusanyo wenye filamu za sumaku, pima hizo kwanza. Na rili yenye siki isikae rafu moja na nzima, maana mvuke wake huambukiza.

Februari: kupima usinyaaji, kuunga, kusafisha

Filamu iliyosinyaa haiwezi kupita kwenye meno ya projekta bila kuchanika matundu. Kipimo maalumu kikikosekana, rula ndefu inatosha. Fremu 100 za milimita 16 zinapaswa kuwa na urefu wa milimita 762. Fremu 100 za milimita 8 ya kawaida, milimita 381. Ikiwa milimita 16 yako inasoma 754, imesinyaa karibu asilimia 1. Kuna mtego mmoja hapa: filamu nyingi za kamera zilitobolewa matundu yaliyosogeleana kidogo kuliko ya nakala, na kwa hizo fremu 100 ni milimita 760.5 tangu kiwandani. Milimita moja na nusu iliyopungua, kwa hiyo, si lazima iwe usinyaaji.

Chini ya asilimia 0.8 tunapitisha bila hofu. Juu ya hapo ni skana isiyo na meno tu, inayovuta filamu kwa roli laini na kutafuta tundu kwa kamera. Ikizidi asilimia 2, mvutano unashushwa hadi chini kabisa na mtu anakaa pembeni muda wote. Projekta hatutumii kwa rili yoyote, hata nzima.

Maungio ndiyo yaliyokula muda mwingi. Mpigapicha wa nyumbani aliunga rili zake ndogo za futi 50 kuwa rili moja ya futi 400, kwa gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki. Gundi hiyo ikikauka miaka 60 inaachia yenyewe mara ungio linapozunguka roli. Tunazungusha rili kwa mkono, tunakunja kila ungio taratibu, na linalofunguka tunaliunga upya kwa tepu ya filamu yenye matundu tayari. Tepu za ofisini zilizowekwa na familia hubanduliwa polepole, na ulimbo wake hufutwa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi. Kabla ya kutumia gundi ya majimaji hakikisha filamu si poliesta, plastiki nyingine ya filamu, kwani haishiki kabisa. Kuitambua ni rahisi: shika rili mbele ya taa uitazame ubavuni. Poliesta hupitisha mwanga, asetati inabaki nyeusi.

Kusafisha: roli zenye kunata kwanza, zinazookota vumbi bila kusugua. Isopropili ni kwa uchafu unaobaki tu, na kasi ya kuzungusha iwe ndogo kiasi kwamba filamu imekauka kabla haijafika kwenye rili ya pili. Ukiharakisha inaacha mabaka meupe yanayoonekana kwenye skani. Kwenye mstari wa sumaku hatugusi kwa kimiminika chochote.

Jambo moja kuhusu milimita 8 ambalo waorodheshaji wengi hulipita. Filamu iliyouzwa ilikuwa futi 25 za upana wa milimita 16. Mpigapicha alirekodi nusu ya upana mpaka mwisho, akafungua kamera, akageuza spuli, akarekodi nusu ya pili. Maabara ilipasua katikati na kuunga vipande viwili kuwa futi 50. Ndiyo maana katikati ya kila rili kuna ungio la kiwandani na mwako wa rangi ya chungwa, mahali mwanga uliingia wakati wa kugeuza. Filamu ilikuwa ghali, na mtu aliweza kupiga nusu ya kwanza kwenye harusi ya Juni na kuiacha kamera kabatini mpaka Krismasi. Kwa hiyo rili moja ya futi 50 inapewa tarehe mbili, kila nusu ikijitegemea. Ukiipa tarehe moja tu, nusu yake mara nyingi itakuwa na uongo.

Machi: kuskani

Tunaskani upana mzima wa filamu, ukingo hadi ukingo, matundu yakionekana. Skani iliyokatwa kwenye mipaka ya fremu inapendeza zaidi lakini inatupa ushahidi, kwa sababu alama za kiwandani ziko ukingoni. Nakala ya kutazama ndiyo inayokatwa baadaye.

Fokasi inawekwa kwenye chembechembe za filamu, si kwenye picha. Huenda aliyepiga hakufokasi vizuri, na ukifuata picha yake utaharibu kilichobaki. Fokasi ikaguliwe upya kila rili inapochanganya filamu asilia na nakala, kwani tabaka la picha huhamia upande mwingine.

Rangi nyingi ni Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak iliyoingia milimita 16 mwaka 1935 na milimita 8 mwaka uliofuata. Ikikaa gizani haipauki, na mbele ya nakala za Eastmancolor, filamu nyingine ya rangi ya Kodak, zilizogeuka waridi ni kama imepigwa jana. Ugumu wake ni uzito wa giza: koti jeusi kivulini linaonekana doa tupu kwenye skani ya mwangaza mmoja. Tunapima mwangaza kwa sehemu nyeupe kabisa ili anga isiungue, kisha tunapitisha mara ya pili kwa vivuli. Usafishaji wa vumbi kwa mwanga wa infraredi umezimwa. Kwenye filamu nyeusi-nyeupe fedha ya picha huzuia mwanga huo, na programu inaiona picha yenyewe kuwa uchafu.

Kwa mipango ya diski: fremu ya 2048 kwa 1536 katika DPX (faili ya picha, moja kwa kila fremu) ya biti 10 ni takriban megabaiti 12.6. Rili ya futi 50 ya milimita 8 ina fremu 4,000, yaani gigabaiti 50. Rili ya futi 400 ya milimita 16 ina fremu 16,000, zaidi ya gigabaiti 200. Kunakili mafolda yenye maelfu ya faili ndogo ni polepole, na fremu moja ikipotea njiani hakuna anayegundua. Tunazifunga DPX ndani ya faili moja ya FFV1, muundo wa video unaobana bila kupoteza chochote, kwa programu ya RAWcooked, tunahakikisha inarudisha DPX zilezile biti kwa biti, ndipo tunafuta za mwanzo. Kila faili ina alama yake ya SHA-256, namba inayobadilika faili ikibadilika hata kidogo, inayosomwa upya baada ya kila kunakili. Nakala ni tatu, moja nje ya jengo.

Aprili: rili ya 12, mtaa wa Wentworth

Kopo limeandikwa kwa kalamu ya wino «1960». Ndani ni Kodachrome ya milimita 8, futi 50, katikati kukiwa na mwako wa chungwa kama ilivyotarajiwa.

Ukingoni kuna pembetatu moja. Kodak iliweka alama za maumbo zinazorudi kila baada ya miaka 20: duara moja ni 1916, 1936 au 1956, mraba mmoja ni 1917, 1937 au 1957, pembetatu moja ni 1918, 1938 au 1958. Milimita 8 haikuwepo 1918, kwa hiyo zinabaki mbili. Kumbuka huo ni mwaka filamu ilipotengenezwa, si ilipopigwa. Ukikutana na nakala badala ya asilia, unaweza kuona alama mbili, moja ya nakala na nyingine iliyopita kutoka kwenye negativu.

Nusu ya kwanza: tramu inakuja kuelekea kamera, watu wamesimama ukingoni mwa barabara, wengine wana kamera mkononi. Miti ina majani kamili. Nyuma ya tramu kuna gari lenye taa nne za mbele, mbili kila upande. Taa nne zilionekana kwenye magari machache ya modeli ya 1957 na karibu yote ya 1958. Mwaka 1938, basi, umetoka. Tramu ya mwisho ya Chicago ilipita njia hii ya Wentworth tarehe 21 Juni 1958, na baada ya hapo jiji halikuwa na tramu. Filamu ya 1958, tramu bado ipo, majani yameshajaa: ni Mei au Juni 1958. Umati wenye kamera unaelekeza kwenye siku ya mwisho yenyewe, lakini hilo tumeliandika kama uwezekano tu, kwa kuwa wapenzi wa tramu walikuwa wakija kupiga picha wiki zote za mwisho.

Mahali pamepatikana kwa mlango wa duka. Sekunde moja hivi, kamera inapogeuka kuifuata tramu, kioo cha juu ya mlango kinaonyesha tarakimu 5, 1, moja isiyosomeka, kisha 7. Wentworth inakwenda kaskazini hadi kusini, na namba zake zinafuata mitaa inayoikata, kwa hiyo 51 na kitu ni kati ya Mtaa wa 51 na wa 52. Chicago huweka namba shufwa upande wa kaskazini na magharibi, witiri upande wa kusini na mashariki. Saba ni witiri: duka liko mashariki mwa barabara. Huo ndio upande ambao nyumba nyingi zilibomolewa kuipisha barabara kuu ya Dan Ryan, iliyofunguliwa kwa sehemu yake kubwa Desemba 1962. Fremu zile chache, zenye pazia la turubai la mistari na mtoto aliyekaa kwenye kizingiti, zimeingia orodhani zikiwa na anwani.

Nusu ya pili ni theluji na taa za Krismasi dirishani. Hiyo ni Desemba 1958 au baadaye kidogo, na inaelekea «1960» ya kopo iliandikwa siku mtu alipopanga kabati. Tarehe mbili, rili moja.

Mei: rili ya 40, theluji bila sanamu

Milimita 16 nyeusi-nyeupe, mstari wa sumaku, siki 2, imesinyaa asilimia 1.1. Ni kazi ya habari za televisheni: shoti fupi, maungio mengi ya tepu, ripota akizungumza.

Sauti kwanza, kwa kuwa hapa ndipo watu huharibu. Kwenye mstari wa sumaku wa milimita 16, sauti ya fremu fulani imerekodiwa fremu 28 mbele yake, yaani kuelekea mwanzo wa rili. Kwenye sauti ya mwanga, ile iliyochapishwa kama picha ukingoni, ni fremu 26. Ripota alirekodiwa picha na sauti kwenye ukanda uleule, halafu mhariri akakata ukanda kwa kufuata picha. Matokeo yake, kila baada ya ungio sauti ya shoti iliyopita inaendelea kwa sekunde moja na kidogo juu ya picha mpya, na sekunde ya kwanza ya sauti ya shoti mpya imekwenda na makato. Si kosa la skana. Hivyo ndivyo ilivyorushwa hewani, na tumeiacha hivyo.

Kopo linasema «theluji» bila mwaka. Shoti ya tatu inaonyesha uwanja wa mbele wa Civic Center, jengo lililokamilika 1965 na ambalo baadaye liliitwa Daley Center. Theluji imefunika uwanja mzima na watu wanatembea katika mfereji uliochimbwa kwa koleo. Uwanja ni mtupu. Sanamu ya Picasso, yenye urefu wa futi 50, ilizinduliwa pale tarehe 15 Agosti 1967, na kitu cha ukubwa huo hakifichiki. Tuna majira ya baridi mawili tu, 1965–66 na 1966–67, na dhoruba ya tarehe 26 na 27 Januari 1967 ilimwaga inchi 23 za theluji, sawa na sentimita 58. Magari yaliyofukiwa hadi vioo katikati ya barabara yanakubaliana na hiyo. Tumeandika Januari au Februari 1967, uhakika wa juu.

Juni: jinsi tunavyosoma jiji

Kilichoanza kama karatasi ya ukutani sasa ni jedwali linalotumika kwa kila rili. Msingi wake ni kwamba jengo au jina likionekana linakupa «si kabla ya», na likiwa bado halijabomolewa au kubadilishwa linakupa «si baada ya». Tarehe nzuri ni ile iliyobanwa pande zote mbili. Matangazo yaliyopakwa rangi kwenye kuta za matofali ni dhaifu kwa kazi hii, kwani hubaki miongo kadhaa baada ya duka kufa.

Namba za nyumba zinahesabiwa tangu 1909 kuanzia makutano ya State na Madison, 800 kwa maili moja. Upande wa kusini maili tatu za kwanza hazifuati hesabu hiyo: Roosevelt Road ni 1200, Cermak Road ni 2200, kisha Mtaa wa 31. Baada ya hapo kawaida inarudi, 39, 47, 55, 63. Asiyejua hilo atakosea umbali wowote karibu na katikati ya jiji.

Majina ya mitaa: Mtaa wa 22 uliitwa Cermak baada ya meya Anton Cermak kufa kwa risasi mwaka 1933. South Parkway iligeuka Martin Luther King Drive mwaka 1968, na hiyo imetusaidia sana na gwaride la Bud Billiken, ambalo tangu 1929 limekuwa likipita Bronzeville, eneo la Wamarekani weusi upande wa Kusini, kila Agosti; kibao cha kona kikisomeka, unajua uko upande gani wa 1968. Ukumbi wa Regal karibu na Mtaa wa 47 ulisimama kutoka 1928 hadi 1973.

Usafiri: CTA, shirika la usafiri wa umma la Chicago, ilichukua tramu na treni za juu tarehe 1 Oktoba 1947, na mabasi ya Chicago Motor Coach mwaka 1952. Reli ya chini ya ardhi ya State Street ilifunguliwa Oktoba 1943, hivyo ngazi zake kando ya barabara ni alama. Tramu za Cottage Grove ziliondolewa 1955. Trolibasi, mabasi ya umeme yanayopata nguvu kwenye waya za juu, zilikuwepo kutoka 1930 hadi 1973. Mabehewa ya mbao ya treni za juu yalimalizika 1957. Kwenye magari, maneno «Land of Lincoln» yalianza kwenye namba za Illinois mwaka 1954.

Sehemu inayotuuma zaidi ni State Street kati ya Mtaa wa 39 na wa 54. Nyumba za zamani zilibomolewa, na kufikia 1962 ukasimama mradi wa Robert Taylor Homes, maghorofa 28 yenye ghorofa 16 kila moja. Maghorofa hayo nayo yalibomolewa, la mwisho mwaka 2007. Ardhi ileile imefutwa mara mbili ndani ya nusu karne, na waliokulia pale kwa vipindi vyote viwili wana haki ya kuiona. Kila shoti ya eneo hilo, hata ya sekunde tatu yenye mtikisiko, inaskaniwa upya kwa ubora wa juu na kuandikwa peke yake.

Vivuli hutumika pale ambapo majengo hayasemi. Mitaa ya Chicago imenyooka karibu sawasawa na dira. Kwenye mtaa wa kaskazini–kusini, kivuli kikilala sambamba na barabara ni adhuhuri ya jua, yaani takriban saa sita kasoro dakika kumi kwa saa ya kawaida, au saa saba kasoro kumi wakati saa zimesogezwa mbele kiangazi, na robo saa hivi ya kwenda au kurudi kulingana na msimu. Jua la adhuhuri huko hufika nyuzi 71 hivi mwishoni mwa Juni na kushuka mpaka karibu 25 mwishoni mwa Desemba. Kivuli cha mtu kikiwa sawa na kimo chake saa hiyo, jua liko nyuzi 45, na hilo hutokea mara mbili tu kwa mwaka: katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Miti inaamua. Matawi matupu ni Machi.

Julai: kasi, na tusiyofanya

Milimita 8 na milimita 16 za nyumbani zisizo na sauti zilipigwa kwa fremu 16 kwa sekunde, baadaye 18. Ukizionyesha kwa 24, watu wa Bronzeville wanakimbiakimbia kama vikaragosi, na kizazi kizima kimezoea kuwaona hivyo. Huo ni udhalilishaji unaoepukika kwa kubadilisha namba moja. Tunahesabu hatua: mtu mzima asiye na haraka hupiga kama 110 hadi 120 kwa dakika. Faili ya kuhifadhi inabaki na fremu zake tu, na kasi inaandikwa ndani. Kurudia fremu ili kufikisha 24 au 30 ni kwa nakala ya kutazama peke yake.

Hatutii rangi filamu nyeusi-nyeupe, wala hatuongezi fremu za kubuni kufikia 60 kwa sekunde. Fremu ya kubuni huchora tarakimu zisizokuwepo kwenye kioo cha duka na kulainisha kibao cha mtaa mpaka kisomeke vibaya kwa kujiamini. Kwa kazi ambayo namba 7 moja inaamua upande wa barabara, hilo halikubaliki.

Haki: kumiliki rili si kumiliki haki ya picha zake. Sheria ya Marekani inampa aliyepiga filamu ya nyumbani ambayo haijachapishwa ulinzi wa maisha yake na miaka 70, na asipojulikana, miaka 120 tangu kupigwa. Kila familia inasaini karatasi inayotaja vyote viwili, na shoti za ndani ya nyumba hazitolewi bila wao kuziona kwanza.

Yaliyobaki

Rili tatu za siki zimeskaniwa na ziko kwenye friza, kila moja ndani ya mifuko miwili iliyofungwa kwa joto. Zikihitajika, zinatolewa na kuachwa saa 24 bila kufunguliwa mifuko. Ukifungua mapema, unyevu wa chumba unaganda kwenye tabaka la picha. Kopo la milimita 35 linasubiri hifadhi yenye kibali cha naitreti.

Rili ya 31, milimita 16, Michigan Avenue ikionekana kutoka Grant Park, iko kwenye 1948–1952. Chini imebanwa na Ford ya modeli ya 1949, iliyoanza kuuzwa Juni 1948. Juu imebanwa na basi lenye jina la Chicago Motor Coach, na kwa kuwa jengo la Prudential la 1955 halionekani hata msingi wake, hakuna kinachopingana. Namba za magari zina mwaka juu yake lakini kwa 2K, yaani upana wa pikseli 2048, hazisomeki. Fremu 300 za sehemu hiyo zitaskaniwa kwa 4K, mara mbili ya upana huo, mwangaza ukipimwa kwa bamba la namba badala ya anga.